MBOLEA YA BWAWA HULISHA MAJI KWANZA, KISHA SAMAKI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kitengela)



Halmashauri iliniagiza nizungumze juu ya jambo moja tu, nalo ni hili: mbolea itiwapo katika bwawa la samaki hufanya kazi gani, na yafaa sisi watu wa Kitengela na Kajiado tuitie kwa kiasi gani na mahali gani. Agizo hilo halikuja bure. Wako wanachama waliokwisha kuchimba mabwawa yao wenyewe na kuyatandika plastiki. Na wako waliotoa shauri kwamba samadi ya maboma itiwe katika silanga letu, ambalo ng'ombe na mbuzi hunywa humo, ili samaki nao wafugwe mumo humo. Shauri hilo litapigiwa kura baada ya hotuba hii. Kwa hiyo naomba mnisikilize kwa makini, maana tukikosea katika jambo hili hatutapoteza samaki peke yao.

Nitaanza na neno ambalo naomba kila mtu aende nalo nyumbani, hata akisahau mengine yote: mbolea haimlishi samaki, mbolea huyalisha maji, na maji ndiyo yamlishayo samaki. Anayelijua neno hili atajua wakati wa kutia na wakati wa kuacha. Asiyelijua atadhani kwamba ikiwa kikapu kimoja chanenepesha, basi vikapu kumi vitanenepesha mara kumi. Na asubuhi moja atawakuta samaki wake wote wanaelea, matumbo juu.

Tuangalie kwanza hali yetu. Hakuna aliyesahau ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023. Misimu mitano ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, na katika Kenya nzima mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa. Kajiado ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Tena nyanda zetu za Kitengela, ambazo zamani zilikuwa wazi, zimegawanywa viwanja na kuzungushiwa seng'enge, hata mwenye ng'ombe hana tena pa kuhamia kama walivyohamia baba zake. Ndiyo sababu wengi wanatafuta riziki ya pili, si ya kuiondoa mifugo bali ya kusimama kando yake. Najua kwamba kwa jadi Wamaasai hawakuwa walaji wa samaki, na hakuna atakayemlazimisha mzee kula asichokizoea. Lakini walaji wako: wako mjini Kitengela penyewe, wako Athi River, na wako Nairobi, ambako si mbali.

Ufugaji wa samaki si jambo geni katika nchi hii. Kituo cha Sagana kilianzishwa mwaka 1948, na mwishoni mwa miaka ya 1990 yalifanywa huko majaribio mengi juu ya mbolea katika mabwawa. Mwaka 2009 Serikali ilianzisha mpango mkubwa wa kuchimba mabwawa 200 katika kila mojawapo ya majimbo 140 ya uchaguzi, kila bwawa likiwa na eneo la mita za mraba 300. Jumla yake ni mabwawa 28,000. Mengi ya mabwawa hayo yaliachwa baadaye. Katika mengine maji yalikauka, katika mengine vifaranga havikupatikana. Lakini sababu moja iliyotajwa mara kwa mara ni bei ya chakula cha samaki. Chakula cha kununua huchukua nusu ya gharama za mfugaji au zaidi. Mtu aliyepewa bwawa na vifaranga bure alikwama siku ile gunia la kwanza la chakula lilipokwisha.

Sasa, wenzetu, tazameni kilichomo ndani ya maboma yetu. Malori huja Kajiado kununua samadi na kuipeleka kwa wakulima wa milimani. Si vibaya kuiuza. Lakini yafaa tujue kwamba kile kinachoondoka juu ya lori ndicho hasa bwawa linachokihitaji ili lijitengenezee chakula chake lenyewe. Na namna linavyokitengeneza ndiyo nitakayoieleza.

Wazee mliomo humu mnajua jambo hili kuliko mimi: boma likihamwa, miaka michache baadaye mahali pale hupambanuka na nyika inayolizunguka. Majani yake huwa mabichi na mafupi, na ng'ombe hupapenda, na swala pia. Wataalamu walipachunguza mahali kama hapo, huko Amboseli na Laikipia, wakaona kwamba rutuba iliyoachwa na mavi ya mifugo hukaa ardhini kwa makumi ya miaka. Ng'ombe hali mavi ya zamani. Hula majani yaliyoota juu ya mavi hayo. Basi bwawa la samaki ni hivyo hivyo. Ni malisho, ila majani yake ni madogo mno hata jicho haliwezi kuyaona moja moja.

Majani hayo ya majini huitwa planktoni. Chota maji ya bwawa lenye rangi ya kijani katika bilauri, uyainue juani: utaona wingu la kijani, basi. Lakini ukilitia tone moja chini ya hadubini utaona maelfu ya vijimea vya maumbo mbalimbali, na kati yao vidudu vidogo vikiogelea na kuvila vijimea hivyo. Vile vya kwanza ni planktoni ya mimea, ambayo ni mwani mdogo uelewao majini. Vile vya pili ni planktoni ya wanyama. Kifaranga cha samaki hupenda sana vidudu, maana humkuza upesi. Tilapia mkubwa, yule ambaye kando ya Ziwa Victoria huitwa ngege, huweza kula mwani wenyewe.

Zamani wengi walidhani kwamba samaki huumeza mwani na kuutoa kama ulivyoingia. Jawabu lilipatikana hapa hapa Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 1966 na 1972 wataalamu walilichunguza Ziwa George la Uganda, ziwa la kina kifupi lenye maji ya kijani mwaka mzima. Mmoja wao, D. J. W. Moriarty, alieleza mwaka 1973 kwamba tumbo la tilapia hutoa asidi kali ajabu wakati anapokula, na asidi hiyo huvunja ngozi ya mwani hata ukaweza kusagika. Kwa hiyo tilapia ni mfugo ulao majani, kama ng'ombe, na malisho yake ni maji ya kijani.

Mmea wa majini huhitaji vitu vilevile vinavyohitajiwa na mahindi: nuru ya jua, joto, na virutubisho. Katika virutubisho, viwili ndivyo vinavyokosekana upesi majini, yaani nitrojeni na fosforasi. Nguvu ya fosforasi ilionekana dhahiri katika jaribio moja lililofanywa Kanada mwaka 1973. Ziwa dogo liligawanywa sehemu mbili kwa pazia kubwa. Upande mmoja ulitiwa nitrojeni na kaboni. Upande wa pili ulitiwa hivyo hivyo, lakini ukaongezewa fosforasi. Upande usio na fosforasi ulibaki maji meupe. Upande wenye fosforasi ukageuka kijani kabisa. Picha iliyopigwa kutoka angani ilionyesha maji ya aina mbili yakitengwa na pazia moja tu. Hivyo ndivyo kitu kidogo kinavyoweza kuamsha uhai mwingi majini.

Samadi ina vyote viwili, ingawa kwa uchache. Itiwapo majini, vijidudu vya kuozesha huishambulia, huivunja, na kuviachilia virutubisho, mwani huvidaka, vidudu hula mwani, na samaki hula vyote. Maji yakiwa na joto la kutosha, baada ya wiki moja au mbili utaona rangi inageuka. Ndipo vifaranga watiwe, si kabla. Atiaye vifaranga katika maji meupe ni sawa na mtu apelekaye ndama katika malisho yaliyoungua.

Sasa nije kwenye vipimo, maana shauri lisilo na kipimo halina faida. Kwa bwawa la mita za mraba 300, samadi iliyo kavu ifaayo kwa wiki moja ni kama gramu 50 kwa kila mita ya mraba, yaani kilo 15 kwa bwawa zima. Mavi mabichi ya ng'ombe yana maji mengi, kwa hiyo uzito wake ungekuwa mkubwa mara nne au tano. Samadi ya kuku ina nguvu kupita ya ng'ombe, basi itiwe kwa uangalifu zaidi. Atumiaye mbolea ya dukani hupima gramu 2 za DAP na gramu 3 za urea kwa kila mita ya mraba kwa wiki, yaani gramu 600 na gramu 900 kwa bwawa la kadiri hiyo. Anayechanganya samadi na mbolea ya dukani hana budi kupunguza kila kimoja.

Namna ya kutia nayo ina maana yake. DAP ikimwagwa kavu huzama, na udongo wa chini huishika fosforasi kabla mwani haujaipata. Basi iyeyushwe kwanza katika ndoo ya maji usiku kucha, kisha inyunyizwe juu ya bwawa lote asubuhi, jua likiwa limechomoza. Samadi isimwagwe chungu. Itiwe katika gunia lililofungwa kwenye mti na kuning'inizwa majini, nalo litikiswe kila siku. Au itiwe pembeni katika uzio mdogo wa fito. Faida yake ni hii, kwamba siku ukiona maji yamezidi ukijani, utalitoa gunia. Samadi iliyomwagwa haikusanyiki tena.

Atajuaje mtu kwamba malisho yake ya majini yametosha? Mwaka 1865 padri mmoja wa Italia, Angelo Secchi, aliteremsha sahani nyeupe baharini kwa kamba na kupima kina ambacho sahani ilipotea machoni. Hadi leo wapimaji wa maji duniani hutumia sahani ya namna hiyo, na kila mmoja wetu aweza kuitengeneza kwa kifuniko cha kopo na rula. Sahani ikipotea kati ya sentimita 25 na 35, malisho ni mazuri. Ikionekana hata chini ya sentimita 45, maji yana njaa, ongeza mbolea. Ikipotea kabla ya sentimita 20, acha mbolea mara moja, na kama maji safi yapo, yaongeze. Asiye na sahani atumie mkono wake: auzamishe polepole, kiganja kimekunjuliwa, kiganja kikipotea mapema, kabla maji hayajafika nusu ya njia ya kwenda kwenye kiwiko, malisho yamezidi.

Lakini hapa Kitengela ni lazima niongeze onyo. Udongo wetu mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kunasa magurudumu wakati wa mvua, hutoa vumbi laini sana ambalo hukaa majini siku nyingi bila kuzama. Maji hayo huwa ya kahawia. Sahani itapotea humo upesi, lakini si kwa sababu ya planktoni. Ni kwa sababu ya tope. Nuru ya jua haiwezi kupenya, na pasipo nuru mwani hauoti, hata ukitiwa mbolea ya shilingi ngapi. Basi kabla ya kutia mbolea, jaza chupa ya kioo maji ya bwawa, uiache imetulia usiku kucha. Ukikuta asubuhi maji bado ni ya kahawia, kazi ya kwanza ni kuondoa tope: panda majani kingoni, zuia mifugo isikanyage, na geuza mtaro wa maji ya mvua yasiingie kwa nguvu. Bwawa lililotandikwa plastiki halina shida kubwa ya tope, tena halina udongo wa kuishika fosforasi. Kwa hiyo mbolea kidogo hufanya kazi nyingi humo, na makosa pia huonekana upesi.

Pili, maji ya visima vingi vya Kajiado yana magadi. Katika maji ya namna hiyo amonia itokayo katika urea na samadi ya kuku hugeuka kuwa sumu kali kwa samaki, hasa alasiri, wakati mwani umekwisha kuitumia hewa ya kaboni na kuzidisha hali ya magadi. Mfano tunao katika kaunti yetu wenyewe. Katika chemchemi za moto kando ya Ziwa Magadi huishi tilapia mdogo ambaye hula mwani katika maji ya joto la digrii 40 hivi na yenye magadi makali. Samaki wengi hutoa uchafu wa mwili kwa njia ya amonia. Huyu wa Magadi, kama ilivyoelezwa na wataalamu mwaka 1989, hutoa urea, maana katika maji yale amonia isingemtoka. Mungu amempa mwili wa namna yake; tilapia tunayemnunua Sagana hana mwili huo. Basi mwenye kisima cha magadi asitie urea kwa wingi, bali atie samadi ya ng'ombe iliyokauka, kidogo kidogo.

Tatu, sisi tuko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Usiku wa mwezi wa Juni hadi Agosti ni wa baridi. Tilapia hukua vizuri katika maji ya digrii 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 hula kidogo sana. Katika miezi hiyo mbolea ipunguzwe, kwani malisho yasiyoliwa huoza.

Nne, nalo lawahusu hasa wafugaji. Dawa ya kuogeshea mifugo ili kuua kupe, na hasa zile za jamii ya pareto ya kiwandani, ni sumu kali kwa samaki na kwa vidudu vya majini. Dawa ya minyoo iitwayo ivermectin hutoka katika mavi ya ng'ombe kwa siku nyingi baada ya kupewa, nayo huua vidudu hivyo kwa kiasi kidogo mno. Kwa hiyo samadi ya bwawa isitoke kwa mifugo iliyopewa dawa karibuni, wala maji ya josho yasielekee bwawani kamwe.

Sasa nafika penye jambo la kura yenu. Nimesema kwamba mbolea hulisha maji. Ni lazima niseme pia kwamba maji huweza kuvimbiwa, na yanapovimbiwa huua.

Mauti ya kwanza ni ya kukosa hewa. Mchana mwani hutoa oksijeni. Usiku nao huivuta, pamoja na samaki, vidudu, na vijidudu vinavyoozesha samadi. Mwani ukiwa mwingi mno, na samadi ikiwa nyingi chini, hewa huisha kabla ya mapambazuko. Ndipo samaki huonekana alfajiri wakihema juu ya maji. Majirani zetu wa Narok wamelishuhudia jambo hili katika Mto Mara. Upande wa Kenya wa mto huo una viboko zaidi ya 4,000, nao hutia majini kinyesi kinachokadiriwa kuwa tani 36 kila siku. Wakati wa kiangazi kinyesi hicho hulundikana katika vidimbwi vyao. Mwaka 2018 watafiti walitoa maelezo kwamba mvua inyeshapo na mto kufurika, maji hayo yasiyo na hewa husukumwa chini, na samaki hufa kwa wingi. Hakuna kiwanda hapo, wala dawa. Ni mavi tu, yaliyozidi kipimo.

Mauti ya pili ni ya sumu, nayo huwafikia ng'ombe. Kati ya aina za mwani iko jamoja iitwayo mwani wa buluu-kijani. Baadhi ya aina zake huweza kujichukulia nitrojeni kutoka hewani. Kwa hiyo zinapopata fosforasi nyingi na nitrojeni haba, kama inavyotokea samadi ya ng'ombe ikizidi, huishinda mimea mingine yote. Nyingine huelea juu kama rangi iliyomwagika, na upepo huzisukuma hadi kwenye ukingo mmoja. Si zote zilizo na sumu, lakini jicho haliwezi kuzitambua zenye sumu na zisizo nayo. Tena kuchemsha maji hakuiondoi sumu hiyo. Mwaka 1878 George Francis aliandika katika jarida la Nature habari za Ziwa Alexandrina huko Australia, ambako kondoo, ng'ombe, farasi, mbwa na nguruwe walikufa baada ya kunywa maji yenye utando mzito wa kijani. Na mwaka 2020 tembo zaidi ya 300 walikufa Botswana. Serikali ya huko ikatangaza kwamba sababu ilikuwa sumu ya mwani wa namna hiyo katika vidimbwi walivyonywa. Ikiwa tembo huangushwa, ndama wetu atafanya nini?

Fikirini basi silanga letu. Upepo husukuma utando hadi ukingo mmoja, na ng'ombe hunywa ukingoni. Wakati wa kiangazi maji hupungua kwa jua kali, na kila kilichomo huzidi nguvu. Na ndio wakati ule ule ambapo mifugo haina maji mengine. Tukitia samadi humo ili tupate samaki mia chache, tutakuwa tumeweka rehani ng'ombe wote wa wanachama, na watoto watumwao kuchota maji pia.

Wenye kutoa shauri watasema: lakini mifugo hunya silangani kila siku, na hakuna kilichotokea. Neno lao ni la haki, na linastahili jawabu. Jawabu ni kwamba silanga tayari linapokea mbolea, tena bila kupimwa. Hiyo ni sababu ya kulipunguzia, wala si ya kuliongezea. Shauri lao la kufuga samaki ni jema. Mahali walipopachagua ndipo pasipofaa.

Baba zetu walikuwa na desturi njema ambayo Wamaasai huiita olokeri, yaani malisho ya ndama yaliyotengwa karibu na boma, ambayo kundi kubwa halikuruhusiwa kuingia. Hawakuchanganya kila kitu mahali pamoja. Nami nashauri tuifuate busara hiyo majini.

Kwanza, silanga la mifugo lisitiwe mbolea yoyote. Lizungushiwe uzio, na mifugo inyweshwe nje yake katika hori, maji yakiteremshwa kwa bomba.

Pili, samaki wafugwe katika mabwawa madogo yaliyotengwa, yaliyotandikwa plastiki, chini ya silanga na si juu yake, ili maji yake yasirudi yakachanganyika na ya kunywa.

Tatu, kila mwenye bwawa awe na sahani ya kupimia, apime kila wiki kabla ya kutia mbolea, na aandike katika daftari: tarehe, kipimo, na samadi aliyoitia. Anayechunga hutazama majani kabla ya kuingiza kundi. Anayefuga samaki atazame maji.

Nne, bwawa litazamwe alfajiri, si mchana. Mchana maji ya kijani hupendeza kila mtu. Alfajiri ndiyo hueleza ukweli wake. Samaki wakihema, gunia litolewe siku hiyo hiyo na maji safi yaingizwe.

Tano, maji ya bwawa yanapobadilishwa yasimwagwe ovyo. Rutuba iliyoingia kama samadi bado imo humo. Yapelekwe kwenye sukuma wiki, vitunguu na nyanya. Hivyo debe moja la maji litakuwa limefanya kazi mara mbili, na katika nchi kavu kama yetu hilo si jambo dogo.

Bwana Mwenyekiti, sikuja kuwavunja moyo walio na ari. Bwawa la mita 300 lililotiwa vifaranga 1,000 na kutunzwa kwa kipimo laweza kumpunguzia mtu gharama ya chakula kwa kiasi kikubwa, na kumpa riziki ambayo haihitaji kuhamishwa kufuata mvua. Mbolea yake tunayo. Maji yake, tukiyavuna juu ya paa na katika mitaro wakati wa masika, tutakuwa nayo. Kilichobaki ni kipimo na mahali.

Kura ni yenu, wazee na ndugu. Mimi naomba tu kwamba kila atakayeinua mkono akumbuke kuwa maji yakinunuliwa kwa ubichi wa kijani siku ya leo, huenda bei yake ikadaiwa zizini siku ya kiangazi. Tuyatenge maji ya kunywa na maji ya kulisha, tupate samaki na tubaki na ng'ombe.